Shingo Imebana, Mikono Inapwaya

Ukiingia kibandani kwa Fundi kushonesha gauni, unaruhusiwa kusema karibu kila kitu. Mseme mumeo, mseme mkweo, mseme mwenye nyumba wako, hata mshono wa Fundi mwenyewe ukitaka, maana ana moyo mpana na masikio yake yamekwisha zoea. Lakini kuna neno moja ukilitamka mle ndani, cherehani itasimama. Fundi atavua miwani, atakutazama, kisha atakuomba kwa adabu kabisa utoke nje ukalimalizie hukohuko. Neno lenyewe ni "umenawiri".

Wageni hucheka wakidhani anatania. Hatanii. Na kama ungeyaona aliyoyaona, pengine hata wewe ungekuwa unafukuza watu.

Fundi alilelewa na shangazi yake, dada wa baba, tangu akiwa mtoto wa kike wa kubebwa mgongoni. Shangazi ndiye aliyemfundisha kushika mkasi, kuchora kwa chaki na kulaza kitambaa kisikunjamane. Kibanda chao ni chumba kimoja kinachotazama barabara, kina cherehani mbili: ya Fundi iko dirishani, ya Shangazi iko mlangoni. Fundi alikata na kushona. Shangazi alimalizia kwa mkono, yaani vifungo, vishikizo na pindo, zile kazi ndogondogo ambazo mteja hazioni lakini zikikosewa gauni zima linaonekana limeshonwa gizani. Kwa pindo la mkono, mtaa mzima haukuwa na wa kumfikia.

Halafu viungo vikaanza. Kila alfajiri vidole vya Shangazi viliamka vimevimba, vina moto, havikunjiki. Magoti nayo yakafuata. Ikafika mahali kikombe cha chai anakishika kwa viganja viwili, na sindano ndiyo kabisa, inadondoka kila akiiinua. Mpwa wake akawa anamalizia pindo mwenyewe, na Shangazi anakaa mlangoni akiitazama mikono yake kwa chuki.

Walikwenda hospitali. Walipimwa, wakaambiwa kinga ya mwili imegeuka, inavishambulia viungo vya mwili wenyewe badala ya kushambulia vijidudu. Wakapewa vidonge vya kutuliza maumivu, na muuguzi mmoja mwenye haraka akawaambia kwamba kwa ugonjwa huu itabidi wamwone bingwa, wasubiri wataitwa. Wakasubiri. Simu haikuja. Wakarudi kuuliza, wakaambiwa wasubiri.

Sasa, sokoni palikuwa na mtu anayeitwa Bingwa. Si kwamba alisomea chochote. Alikuwa na kibao kilichochorwa goti na mzizi wa mti, na chini yake maneno "Bingwa wa Viungo, Mizizi Mitupu, Haina Kemikali", na watu wakachukua neno la kwanza wakamwita hilo. Mtu mnene wa uso, mashavu yanang'aa, kicheko hakimwishi. Shangazi alikuwa na ucheshi wake, na asubuhi moja, huku machozi ya maumivu yakimtoka, alisema hospitali wametuambia tumwone bingwa, na bingwa yupo pale nyuma ya wauza viatu, tunangoja nini? Fundi alicheka. Wakaenda. Ulianza kama mzaha, na mzaha huo ndio uliowaponza.

Bingwa aliwafungia unga wa kijivu katika karatasi, kijiko kidogo asubuhi na kijiko jioni kwenye maji ya vuguvugu. Wiki haikuisha, Shangazi akachukua sindano, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, akatia uzi mara ya kwanza bila kuomba msaada. Fundi alimwona kutoka dirishani. Aliacha kitambaa kikavutwa na cherehani peke yake, kikaharibika, akaenda kumkumbatia shangazi yake, na wote wawili wakalia kama waliofiwa.

Baada ya hapo hamu ya kula ikarudi, na mwili nao ukarudi. Uso wa Shangazi, uliokuwa umechongoka kwa maumivu, ukajaa, ukawa wa duara. Tumbo likatoka. Na mtaa ukaanza. Kila apitaye mlangoni alikuwa na lake: Shangazi umenawiri, Shangazi siku hizi unalishwa nini, Shangazi tupe siri. Mama Mapacha wa nyumba ya pili, ambaye mwenyewe magoti yalikuwa yakimsumbua, alisimama akamzunguka mzunguko mmoja mzima kama anayekagua kabati jipya, akasema umenawiri mpaka raha. Bingwa akaanza kuwaelekeza wateja wake: kama huamini, nenda ukamwangalie yule mama mshonaji. Na Fundi, tuseme ukweli, alivimba kichwa. Mtu akinawiri nyumbani kwako, sifa ni zako.

Kuhusu nguo, Fundi ni mtu wa kuacha akiba. Kila gauni analoshona lina kitambaa cha ziada kimefichwa ndani ya mshono, ili mwili ukibadilika nguo isitupwe. Basi magauni ya Shangazi yakaanza kuachiwa mshono, akiba ikafunguliwa. Kwanza tumbo. Kisha nyuma ya shingo, mahali ambapo Fundi hakuwa amewahi kumwachia mtu yeyote, maana palikuwa pameota kinundu cha nyama laini kinachokwamisha kola. Lakini mikono ya gauni ilikuwa kinyume. Ilipwaya. Juu ya viwiko nyama ilikuwa imepungua, na kitambaa kinaning'inia.

"Shingo imebana, mikono inapwaya," Fundi alisema, na pini bado zimo mdomoni.

"Basi punguza mikono, ongeza shingo," Shangazi akajibu. "Au umesahau kazi?"

Wakacheka, na Fundi akafanya alivyoambiwa. Alikata, akahamisha kitambaa cha mikononi akakipeleka shingoni, akashona vizuri mno kiasi kwamba hakuna aliyejua. Hapo ndipo mtu anapotaka kupiga meza. Mwili wa yule mama ulikuja mpaka mbele ya futi ya kupimia, ukajieleza kwa lugha ya kazi yao wenyewe, shingo hivi, mikono hivi, na badala ya kuulizwa kulikoni, ukaambiwa umenawiri na ukashonewa kola pana.

Na haikuwa shingo tu. Shangazi alikuwa akinywa maji mtungi mzima na kutoka nje kila saa. Akiguswa kidogo ngozi inavilia damu. Usingizi ulimkimbia, na maneno yake yakawa makali, akamgombeza hata mteja aliyeleta keki. Siku moja sindano ilimchoma kidole gumba. Kidonda hakikuvimba, hakikuwa chekundu, hakikuuma, na pia hakikufunga. Alikuwa akiwaonyesha watu kwa majivuno: tazameni, hata haiumi, hiyo ndiyo mizizi.

Kilichowarudisha hospitali ni macho. Shangazi alianza kuona ukungu, na mshona pindo asiyeona hana kazi. Safari hii walimkuta daktari wa kike, kijana, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi na foleni inayofika getini. Sukari ikapimwa, ikawa juu sana. Daktari aliuliza anatumia dawa gani, na Shangazi akajibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba hatumii dawa yoyote. Hakudanganya. Kwake, dawa ni ile inayotoka kwenye dirisha la hospitali. Mizizi ni mizizi.

Daktari aliinua kichwa akamtazama usoni kwa muda. Akamuuliza Fundi kama uso huu ndio wake wa siku zote.

"Hapana, daktari," Fundi akasema, akitabasamu. "Amenawiri tu."

Daktari hakutabasamu. Alisimama, akapapasa kile kinundu cha nyuma ya shingo, akapandisha mikono ya gauni akatazama ule wembamba na ile michubuko. Kisha akauliza tena, polepole: unga, majani, chupa, chochote. Hapo wakasema. Daktari akawaambia kwamba wapo watu wanaosaga vidonge vikali wakavichanganya kwenye hizo dawa wanazoita mizizi, na kwamba anataka auone huo unga kesho yake asubuhi, na jambo moja la muhimu sana ni kwamba wasi— na mlango ukafunguliwa, muuguzi akamwita mbio, kulikuwa na mama anajifungua anatokwa damu. Akatoka. Walimngoja. Mwisho mtu akawaambia chumba kinahitajika, waende, warudi kesho.

Wakarudi nyumbani na nusu ya sentensi.

Hasira ya Fundi ilikuwa inachemka njia nzima. Vidonge! Vimesagwa! Ameuziwa shangazi yake, kwa kicheko na mashavu yanayong'aa! Alipofika nyumbani hakukaa. Alikusanya karatasi zote za unga, chini ya godoro, kwenye kopo la sukari, kwenye mkoba wa Shangazi, akaenda kuzimimina chooni na kumwagia ndoo ya maji. Shangazi alimsihi abakize angalau kidogo, magoti yake yatarudi kuuma kama zamani. Fundi akamwambia bora magoti kuliko sumu. Alijiona amefanya la maana, na kila mtu mwenye mapenzi na shangazi yake angefanya hivyohivyo. Hata wazo la kubakiza kidogo cha kumwonyesha daktari halikumjia, hasira ilikuwa imejaa mpaka pomoni.

Kesho yake daktari hakuwepo zamu, na Fundi akaona hakuna haraka, unga si umekwisha tupwa. Siku iliyofuata Shangazi aliamka mchovu. Kisha akaanza kutapika. Halafu asubuhi moja hakuamka. Alikuwa anapumua, macho nusu wazi, jasho la baridi limemlowesha, na akisemeshwa anajibu mambo ya zamani, anamwita kaka yake, baba yake Fundi, aliyezikwa miaka na miaka. Majirani walimbeba kwa shuka mpaka kwenye gari. Katika kuinua, Mama Mapacha alisema jamani, na alivyokuwa amenawiri. Ni siku hiyo neno lilipofukuzwa.

Hospitali walimkuta daktari yuleyule. Msukumo wa damu ulikuwa chini karibu haupatikani. Aliuliza swali moja tu, ule unga uko wapi, na Fundi, akiwa bado anafikiri hilo ni jambo la kupongezwa, akasema aliutupa wote siku ileile.

Daktari alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa tayari anaita sindano. Dripu ikafungwa mkono mmoja, dawa ikapigwa mkono wa pili, na Fundi akatolewa nje ya pazia. Alisimama akitazama miguu ya watu chini ya pazia na kujiuliza amekosea wapi.

Ilikuwa baadaye sana daktari alipokuja kukaa naye kwenye benchi la varanda na kumweleza, bila kumgombeza, jambo ambalo lilimuumiza zaidi kuliko kama angegombezwa.

Alisema mwili wenyewe hutengeneza homoni, katika tezi ndogo zilizokaa juu ya figo, na hutengeneza nyingi zaidi alfajiri, ili mtu aweze kuinuka. Homoni hiyo haifanyi kazi ikiwa peke yake. Ndani ya seli za mwili kuna kitu kinachoitwa kipokezi, kimekaa kinaingoja. Ikifika, vinashikana, vinaingia pamoja mpaka kwenye kiini cha seli, mahali yanapotunzwa maagizo yote ya mwili, na huko vinaamua agizo lipi lifunguliwe na lipi lifungwe. Vidonge vilivyosagwa na Bingwa, jamii ya steroidi, vimetengenezwa kufanana na hiyo homoni, tena vina nguvu kuliko yenyewe. Kipokezi hakibagui, kinavipokea vilevile.

Fundi alifikiri kidogo, akauliza kama ni sawa na mtu mmoja mwenye funguo za kabati la vielelezo, zile karatasi za kukatia nguo, kwamba ukimpa oda kubwa kupita kiasi atakata kila kitu upya, hata visivyohitajika. Daktari akasema ni sawa kabisa. Ndiyo maana maumivu yalikoma, kwa sababu maagizo ya kuwasha ule uvimbe wa moto viungoni yalifungwa. Lakini kinga nzima ilinyamazishwa pamoja nayo, na kidonda cha kidole kikakosa hata nguvu ya kuuma. Sukari ikaagizwa imwagwe kwenye damu. Nyama ya mikono ikaagizwa ivunjwe. Mafuta yakaagizwa yahamie usoni, tumboni na nyuma ya shingo.

"Kwa hiyo hakunawiri," Fundi alisema.

"Hakunawiri, dada. Alikuwa anabomolewa mikono na kujengwa shingo." Daktari akaendelea. "Na zile tezi za juu ya figo, zikiona oda imejaa siku zote, huacha kazi. Zinalala. Ukikatiza vidonge ghafla, hakuna cha nje wala cha ndani. Mtu anaanguka. Hilo ndilo nililotaka kukwambia siku ile nikaitwa."

Fundi aliuliza kwa nini basi dawa ya namna hiyo ipo duniani. Daktari akanyoosha kidole juu, kwenye ghorofa ya pili. Huko, alisema, wamelala watu wenye saratani ya damu, wengine watoto, na dawa ya jamii hiyohiyo ni mojawapo ya wanazopewa, kwa sababu katika seli zile za ugonjwa kipokezi kilekile hufungua agizo jingine kabisa, agizo la seli kufa. Inaokoa watu. Hata kwa viungo vya Shangazi ingeweza kutumika, kidogo, kwa kipimo, kwa muda, mtu akiangaliwa. Si sumu. Ni dawa ya heshima, ila imevuliwa jina lake, imesagwa, ikauzwa kama mzizi.

Fundi alibaki na hilo. Kama Bingwa angeuza sumu angemwelewa, matapeli wapo. Lakini kuchukua kitu kinachowaokoa watoto ghorofani, ukakivua jina ili anayekinywa asijue anywe kiasi gani wala aache vipi, na daktari akiuliza mgonjwa hana hata cha kutaja! Huko ni kumfunga mtu macho kisha kumsukuma barabarani. Aliinuka kwenye benchi, akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akaenda sokoni.

Njiani alikuwa amepanga kila kitu. Atamwaga makopo yake, atavunja kibao, ataita watu, atawataka watu wote wachukue unga wao wakautupe mtaroni. Alimkuta Bingwa ameketi, wateja wamejipanga, Mama Mapacha akiwa wa mbele, uso wake nao umeanza kuwa wa duara. Fundi alifungua mdomo kusema tupeni. Akalizuia neno, kwa sababu akilini aliwaona wote hao wamelala kwenye mashuka, jasho la baridi, wakiwaita ndugu waliokufa. Hata haki ya kumwaga kopo la mwizi alikuwa hana. Hicho kilimchoma kuliko kila kitu.

Akasema aliyoweza. Akawaeleza kilichomo ndani ya unga, kilichompata Shangazi, na kwamba mtu asiache ghafla, wala asiutupe, kila mmoja aende na unga wake hospitali. Bingwa alicheka kile kicheko chake, akasema yeye hajamlazimisha mtu, na wote mashahidi jinsi Shangazi alivyonawiri. Mama Mapacha akageuka. Hakuwa mkali, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Sisi hospitali tumekwenda," alisema. "Mimi niliambiwa ni uzee. Bingwa ndiye aliyenirudisha jikoni kwangu. Unasema tuende wapi, mwenzangu?"

Fundi alimgeukia Bingwa akamtaka kitu kimoja, jina la kidonge, daktari analihitaji.

Bingwa aliangalia pembeni. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hajui. Anauziwa kwenye kopo lisilo na karatasi, wenyewe wanaviita vya mashavu.

Miezi yote ile, wazee wa watu, viungo vya watu, na hajui hata jina. Fundi alimtazama usoni, kisha nyuma ya shingo, na akiwa anamtazama, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye futi iliyoning'inia shingoni mwake mwenyewe, kisha ukaiacha. Aliondoka.

Shangazi hakufa. Itoshe kusema hivyo, maana kupona kwenyewe hakukuwa na raha. Alirudishiwa dawa ileile, safari hii ikiwa na jina na kipimo, ikapunguzwa pole kwa pole, mwezi hata mwezi, mpaka tezi zake zikaanza kuamka. Magoti yaliuma tena. Alipewa dawa nyingine ya kutuliza kinga, inayofanya kazi taratibu bila maajabu. Uso ukapungua, na mtaa uleule ukapita mlangoni ukisema masikini, Shangazi amekwisha. Siku aliyokuwa anakwisha kwelikweli, walimpongeza. Wakaguzi nao walikuja sokoni, wakachukua unga kidogo, wakafunga kibanda kwa siku chache, na Bingwa akahamia upande wa pili wa wauza viatu na kibao kilekile. Kitu pekee kilichokwenda vizuri ni kwamba daktari alitenga asubuhi moja ya kila wiki kwa watu wa unga, na Fundi akawa anawapeleka mwenyewe, Mama Mapacha akiwa wa kwanza, akinung'unika njia nzima.

Halafu mchana mmoja Bingwa alisimama mlangoni pa kibanda. Cherehani ya Fundi ikasimama. Alikuwa na shati kwapani, hacheki, na alisema haraka, kama mtu anayetaka kumaliza kabla hajafukuzwa, kwamba mafundi wawili wamemwambia hawaliwezi. Kola imemkaba.

"Unajua nami siku hizi," akaongeza, akijaribu kutabasamu, "nimenawiri."

Shangazi aliweka pindo chini. Fundi hakumwonyesha mlango. Alisimama, akaitoa futi shingoni, akampima bila kumuuliza: nyuma ya shingo, juu ya kinundu alichokuwa amekiona tangu siku ile sokoni, kisha mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Mikono ya mtu mzima yule ilienea ndani ya duara dogo la futi. Kumbe naye alikuwa akivimeza vile vidonge. Alikuwa amenunua maradhi kwenye kopo lisilo na jina, akayapenda kwenye kioo, akawauzia wengine.

Alikuwa amengoja siku hiyo kwa muda mrefu. Alikuwa na maneno yake tayari, makali, yamenolewa. Sasa mtu mwenyewe amesimama mbele yake anajipangusa jasho, na kati ya maneno yote hayo kulikuwa na neno moja tu ambalo lingemsaidia. Ilibidi liwe hilo. Fundi alilisema akiwa ameuma meno.

"Shingo imebana, mikono inapwaya. Sikuachii mshono."

"Sasa nifanyeje?"

Aliyejibu ni Shangazi, kutoka kwenye kiti chake cha mlangoni, vidole vyake vilivyopinda vikitafuta tundu la sindano.

"Hujanawiri, baba. Umevimba. Lile kopo usilitupe, na usiache ghafla. Kesho asubuhi lilete, tutakwenda wote." Akatia uzi, mara ya tatu. "Na foleni utakaa nyuma yangu."